Anza na udongo: kusoma mtungi wa Kigiriki ukiwa Mombasa

Wanafunzi ninaowafundisha kupanga vigae, yaani vipande vya vyungu, hapa Mombasa huniuliza mtungi wa Kigiriki watauona wapi. Mingi iko Ulaya, katika makumbusho kama Ashmolean ya Chuo Kikuu cha Oxford, na picha zake zimo kwenye intaneti. Hazina ya Beazley, orodha ya mitandaoni ya vyombo hivyo, ya chuo hichohicho, ina kumbukumbu zaidi ya 100,000 na kuitazama ni bure. Simu yatosha.

Usianze na mchoro. Najua jicho hukimbilia farasi na mashujaa, lizuie. Tafuta picha ya kitako au ya mahali palipovunjika, uangalie udongo. Wa Athens hutoka mwekundu unaoelekea rangi ya chungwa, wa Korintho hupauka. Ukikuta kigae cheusi hadi ndani, bila wekundu wowote, yaelekea ni bucchero, kazi ya Waetruski wa Italia, iliyochomwa kwa kunyimwa hewa tangu karne ya 7 KK.

Weusi wa Athens una kisa kingine, na hapa nakuomba utulie. Ile si rangi ya kununua. Ni udongo uliochujwa mpaka ukawa laini mno, ukapakwa kwa brashi. Kwanza tanuri hupata hewa na chombo chote huwa chekundu. Kisha mfinyanzi huziba matundu na kutia kuni mbichi. Hewa ikikosekana, chuma kilichomo udongoni hugeuza chombo chote kuwa cheusi. Mwisho hufungua tena. Mwili wa chombo huvuta hewa ukarudi kuwa mwekundu, lakini palipopakwa pameshaganda kama kioo, hewa haipenyi, weusi unabaki. Kitazame chungu cha udongo cha jikoni kwenu, kilichochomwa kwa moto wa wazi: madoa yake meusi ndipo kuni na majivu yalipoziba hewa. Kanuni ni hiyohiyo, ila Waathene waliitawala dakika kwa dakika.

Sasa hesabu vishikio. Vitatu ni hydria ya maji: viwili vya kunyanyulia, kimoja cha nyuma cha kumiminia. Amphora ina viwili. Krater ina mdomo mpana, kwa kuwa humo walichanganya mvinyo na maji.

Ndipo uende kwenye mchoro. Watu waliopakwa weusi na kuchorwa mistari kwa ncha kali ni mtindo wa zamani zaidi. Watu wekundu waliozungukwa na rangi nyeusi walianza Athens kwenye miaka ya 520 KK hivi. Kuza picha mpaka uone sikio na kifundo cha mguu. John Beazley (1885–1970) aliwatambua kwa alama kama hizo wachoraji wasiotia saini, mmoja akamwita Mchoraji wa Berlin kwa sababu ya amphora iliyoko mji huo.

Halafu uliza kilipatikana wapi. Vingi vilivyo kamili vilitoka makaburi ya Waetruski, kama ya Vulci yaliyofukuliwa kuanzia 1828. Kumbukumbu ikinyamaza kuhusu hilo, andika "mahali hapajatajwa" kwa herufi kubwa daftarini. Krater ya Euphronios, mchoraji wa Athens, ilinunuliwa na makumbusho ya New York mwaka 1972, na ikarudishwa Italia 2008 kwa sababu ya swali hilo. Nakili pia namba ya usajili, tarakimu zote, kabla hujafunga ukurasa.