Jambo Moja kwa Muhula: Namna ya Kuboresha Ufundishaji Shuleni Kidogo Kidogo

Katika mwaka wangu wa kwanza wa ualimu mkuu niliandaa mpango wa shule wenye malengo kumi na manne, nikaubandika ukutani na kuusoma mbele ya kamati ya shule, lakini hadi likizo ya Juni hapakuwa na hata lengo moja ambalo ningeweza kuonyesha limefikia wapi. Walimu wangu hawakuwa wavivu. Malengo yalikuwa mengi na makubwa mno, kiasi kwamba hakuna aliyejua Jumatatu asubuhi aanzie wapi. Tangu hapo nimeshika utaratibu mmoja, ambao ndio ninaoueleza hapa: shule ishughulikie jambo moja tu la ufundishaji kwa muhula, dogo kiasi cha kuhesabika kwa kalamu na karatasi, na isiliache mpaka limekuwa mazoea.

Jambo hilo lisichaguliwe ofisini. Kwa wiki mbili ingia madarasani kwa kuwataarifu walimu mapema, keti dawati la nyuma, na katika daftari tupu uandike saa na matendo bila kutoa hukumu. Katika kipindi kimoja cha Hisabati, darasa la tano, kilichopaswa kuanza saa 3:20, daftari langu lilikuwa na haya: mwalimu ameingia saa 3:21, vitabu vinapitishwa kutoka dawati la mbele, kitabu kimoja kwa watoto watatu, safu ya dirishani inabishana nani akae na nani, tarehe imeandikwa ubaoni, imefutwa kwa kuwa ni ya jana, swali la kwanza limeulizwa saa 3:28. Dakika nane katika kipindi cha dakika 40 zinaweza kuonekana si kitu, lakini darasa lenye vipindi vitano vya somo hilo kwa wiki hupoteza kipindi kizima kila wiki, na kwa mwaka wa Tanzania wenye siku 194 za masomo, yaani wiki zipatazo 39, hupotea vipindi 39 bila mwalimu yeyote kutega. Sisi walimu hupenda kuwaambia watoto kuwa haba na haba hujaza kibaba, ila ni nadra kupima haba zinazovuja katika kibaba chetu wenyewe.

Ukishalipata jambo, lipeleke kwa walimu likiwa namba, wala lisiwe lawama, kisha waulize wao dawa yake. Kwetu walipendekeza kiranja wa kila safu agawe vitabu mwalimu wa kipindi kilichotangulia anapotoka, na maswali matatu ya marudio yawe ubaoni kabla watoto hawajaketi. Wiki ya kwanza dakika nane zilishuka hadi sita tu, kwa sababu vitabu vya safu zote vilikuwa vimechanganywa katika boksi moja. Tulitafuta maboksi mengine dukani, tukayaandika namba za safu, na wiki ya tatu tukafikia dakika tatu. Maboresho ya kweli huwa na sura hiyo ya kawaida kabisa, na mkuu anayesubiri jambo la kung'aa atayapita bila kuyaona.

Mzunguko huu wa kupima, kujaribu dawa na kupima tena si mgeni katika ukanda wetu. Mradi wa SMASSE, ulioanzishwa Kenya mwaka 1998 kwa ushirikiano na Japani ili kuimarisha ufundishaji wa Hisabati na Sayansi katika sekondari, uliwafunza walimu kupanga, kutenda, kutazama na kuboresha, kisha kuanza tena. Huko Japani kwenyewe walimu wana desturi ya miaka mingi ya kuandaa somo moja kwa pamoja, mmoja akalifundisha na wengine wakatazama wanafunzi wanafanya nini, halafu wakalijadili. Kwa shule za Tanzania nafasi ya kufanya hivyo tayari ipo katika jumuiya za kujifunza za MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini), mradi kikao kisigeuke semina ya mtu mmoja kusoma na wengine kusinzia.

Linalowashinda wakuu wengi ni kutazama darasa bila kutisha. Kwa miaka mingi mtu aliyeketi nyuma na kalamu alikuwa mkaguzi, na hofu hiyo haiondoki kwa tangazo, hivyo anza kwa kutazamwa wewe. Muhula tuliochagua jambo la kuuliza maswali, niliwaeleza walimu kuwa mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe, katika miaka ya 1970, aliona walimu husubiri takribani sekunde moja tu baada ya kuuliza, na kwamba wakisubiri sekunde tatu au zaidi majibu ya wanafunzi hurefuka. Kisha nikafundisha Sayansi darasa la sita, na mwalimu kijana wa mwaka wake wa pili kazini akahesabu. Tulipotoka alisema kwa adabu, "Samahani, Mkuu, swali la nne ulilijibu mwenyewe kabla sijafika mbili." Ofisi nzima ilicheka, nami nikacheka, na wiki iliyofuata walimu wanne waliomba kutazamwa.

Namba hizo zibaki mali ya walimu: usizibandike pamoja na majina, usizitumie kupanga nani wa kwanza na nani wa mwisho, wala usizichanganye na fomu za tathmini ya utendaji. Afisa Elimu Kata akihitaji mkakati mrefu, uandike kama inavyotakiwa, lakini katika ubao wa ofisi ya walimu libaki jambo moja.

Usihamie jambo jingine kwa kuwa muhula umekwisha. Hama pale hesabu inapobaki ilipo kwa wiki nne bila wewe kulikumbusha, na kila mnapotoka likizo hesabu tena wiki ya kwanza, maana mazoea mapya hulegea haraka. Mwisho, andika ukurasa mmoja unaoonyesha jambo lililoshughulikiwa, namba ya mwanzo, namba ya sasa na nani anayelisimamia, kisha uuweke juu kabisa katika jalada la makabidhiano, kwa kuwa barua ya uhamisho haisubiri muhula uishe.