SOMO: Kuhamisha krediti za stashahada kwenda shahada ya uhasibu

Wiki hii nimeulizwa mara sita: masomo niliyofaulu kwenye stashahada (krediti zake) yatahesabiwaje kwenye shahada ili nisiyarudie? Naandika mara moja.

1. Soma kanuni za chuo unachokwenda, siyo ulikotoka. Anayepokea ndiye anayeamua.

2. Omba transkripti rasmi, yaani orodha ya masomo na alama zako.

3. Tafuta muhtasari wa kila somo. Hapa ndipo nilipochemka. Transkripti inasema tu "Uhasibu wa Gharama, B". Haisemi kama mlifika kwenye gharama sanifu au mliishia kwenye kadi za stoo. Anayelinganisha anataka mada, saa za darasani na namna mlivyopimwa. Mimi nilipeleka muhtasari mpya, siyo wa mwaka niliosoma. Misimbo ya masomo haikulingana, saa hazikulingana, masomo matatu yakakataliwa kwa mkupuo. Nikakaa muhula mzima na watu wanaoanza kujifunza debiti na krediti. Kwa hiyo: muhtasari wa MWAKA WAKO, wenye muhuri wa idara.

4. Jaza fomu kabla ya kusajili masomo.

5. Majibu yakija, angalia krediti zako zimekubaliwa kama nini. Zikiingia zote kama masomo ya kuchagua, ya lazima yanakusubiri palepale.

MASWALI

— Mkuu, transkripti peke yake haitoshi?

Hatua ya 3. Sikuirefusha kwa kupenda.

— Nina masomo 20, nitaruka miaka mingapi?

Hatua ya 1.

— Nilimaliza 2014. Uhasibu wa fedha utakubaliwa?

Swali zuri. Vyuo vingi huweka ukomo wa miaka, na kwenye fani yetu wana sababu. Viwango vya kimataifa vya uhasibu vimebadilika: IFRS 15 ya mapato ilianza kutumika Januari 2018, IFRS 16 ya ukodishaji Januari 2019. Wewe ulisoma IAS 17, kiwango cha zamani cha ukodishaji. Siku hizi mkodishwaji anaingiza karibu mikataba yote kwenye mizania. Anza kuombea gharama na takwimu, hayo hayazeeki haraka. Kodi usiitegemee. Uliza pia kama wana mtihani wa kupima ili usamehewe.

— Nina C ya uhasibu wa kati. Niiombee?

Angalia kwanza alama ya chini wanayokubali. Hata ikipita, jiulize kama unaweza kuandaa hesabu jumuishi za kampuni mama na tanzu, maana somo linalofuata linaanzia hapo.

— Nyongeza: mwenye mpango wa mitihani ya bodi ya uhasibu aulize mapema kama somo alilosamehewa chuoni litamsamehe na huko.

Hilo nililisahau. Naliongeza kama hatua ya 6.