Ray na Spark: funga poti kabla wenzako hawajaanza kuchimba koini kwa umeme wako

Wakuu, hii naandika baada ya kuumia. Tuna mashine 3 hapa Kirumba, Mwanza, tumeziunga na Ray (kama Spark, ni programu ya kugawa kazi moja kubwa kwa kompyuta kadhaa) zichambue picha za setilaiti za magugumaji ziwani, sasa wiki moja LUKU ikawa inaisha hovyo, yuniti za siku 10 zinakata siku ya 4, na feni zinalia usiku kucha wakati hakuna kazi tuliyotuma. Kufungua htop (inaonyesha programu zinazokimbia) nakuta xmrig imekula CPU zote. Watu wanachimba koini za kidijitali (crypto)!

Elewa kwanza, kazi ya Ray ni kupokea programu na kuiendesha. Dashibodi yake, poti 8265 (poti ni mlango wa mtandao wa mashine), kwa mipangilio ya kawaida inapokea jobu, yaani kazi ya kuendesha, bila kuuliza paswedi, ndo hiyo CVE-2023-48022 (CVE ni namba ya tundu la usalama), na walioitengeneza walibisha kwamba sio kasoro, eti uiweke kwenye mtandao unaouamini. Mimi niliweka --dashboard-host=0.0.0.0 (yaani isikilize kila mtandao) nikafungua na poti kwenye ruta ili niichungulie nikiwa nyumbani Buhongwa, so mlango niliufungua mwenyewe.

Hatua 1: kila mashine piga `sudo ss -tlnp`. Ukiona 8265, au kwa Spark 7077 na 6066, ziko kwenye 0.0.0.0 au *, hapo anayebisha hodi yeyote anaitikiwa.

Hatua 2: `ray stop`, halafu `ray start --head --dashboard-host=127.0.0.1` (127.0.0.1, au localhost, ni mashine yenyewe tu). Ruta nayo ifunge. Ukiwa mbali pitia `ssh -L 8265:localhost:8265 jina@seva`, unafungua localhost:8265 kwenye brauza yako, basi.

Hatua 3: ufw (ukuta wa moto wa Linux), ruhusu IP za mashine zako tu. Anza na ssh aisee, usije ukajifungia nje ukaanza kutafuta daladala saa nne usiku. Na mnaoendesha programu ndani ya Docker mjue poti iliyowekwa na -p inaipita ufw pembeni kabisa, andika -p 127.0.0.1:8080:8080.

Hatua 4: wa Spark standalone (Spark inayojisimamia yenyewe), toleo 2.4.5 kurudi nyuma hata ukiweka spark.authenticate, ile ya kudai siri, mtu anaweza kuiruka (CVE-2020-9480). Panda 2.4.6 au 3.0.0 kwenda mbele.

Hatua 5, kama washaingia: kuua xmrig haitoshi, mimi niliiua mara 3 inarudi, kumbe kwenye `crontab -l` (orodha ya kazi zinazojirudia zenyewe) kuna mstari unaishusha upya kila dakika 5, na kwenye authorized_keys (faili la funguo zinazoruhusiwa kuingia kwa ssh) kuna ufunguo siujui. Nilifuta diski zote nikaanza upya, nikabadilisha na paswedi na funguo zote zilizowahi kukaa humo.