Somo: Mchanganuo Mmoja wa Biashara, Wasomaji Watatu

Mfano wa somo hili ni kiwanda kidogo cha kukamua alizeti mkoani Singida. Ni biashara ninayoifahamu kwa karibu, na msimu wake huanika haraka udhaifu wa mchanganuo ulioandikwa bila kumfikiria atakayeusoma. Mwenye kiwanda anatafuta mtaji wa kununulia mbegu, naye ana milango mitatu ya kubisha: benki, halmashauri kupitia kikundi, na mbia aliye tayari kuweka fedha zake.

Hatua ya kwanza: andika andiko mama

Kabla ya kumfikiria msomaji yeyote, andika mchanganuo mmoja kamili unaobaki kwako, wenye kila hesabu na kila dhana iliyozaa hesabu hiyo. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba unanunua kilo 20,000 za mbegu kwa Sh 1,000 kwa kilo, yaani Sh 20,000,000. Mashine ikitoa mafuta kwa asilimia 28, utapata kilo 5,600, ambazo ni takriban lita 6,080, kwa kuwa lita moja ya mafuta haifiki kilo moja. Ukiuza lita kwa Sh 4,500 unapata Sh 27,360,000, na mashudu, yaani makapi ya mbegu yanayobaki baada ya kukamua, kilo 13,000 kwa Sh 400 yanakuongezea Sh 5,200,000. Jumla ni Sh 32,560,000. Toa mbegu, kisha toa Sh 6,000,000 za umeme, vibarua, madumu na usafiri; kinachobaki ni Sh 6,560,000. Wengi husahau kuandika mashudu, ilhali katika mfano huu ndiyo yanayokaribia kulipia gharama zote za uendeshaji.

Hatua ya pili: jiulize msomaji anaogopa nini

Watu wengi huanza kwa kujiuliza msomaji anapenda nini, na matokeo yake ni kurasa za sifa. Mimi nashauri uanze na hofu yake. Afisa mikopo anaogopa marejesho kukwama, kamati ya halmashauri inaogopa kikundi kusambaratika fedha zikishatoka, na mbia anaogopa kwamba faida itapatikana lakini yeye hataiona. Hofu hizo tatu hazijibiwi na ukurasa mmoja, kwa hiyo kutoka kwenye andiko mama utatoa nakala tatu, moja kwa kila msomaji.

Hatua ya tatu: nakala ya benki

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo nilipojikwaa mwenyewe. Niliwahi kupeleka benki andiko la kurasa 40, lenye historia ya zao la alizeti na picha za mashine. Afisa mikopo aliyapita yote hayo, akafungua jedwali la mtiririko wa fedha, akaweka kidole kwenye mwezi wa Julai na kuniuliza rejesho la kwanza lingetoka wapi. Sikuwa na jibu. Wakati wa mavuno, mbegu zinapokuwa nyingi na bei iko chini, ndipo fedha yote inapogeuka kuwa magunia yaliyopangwa ghalani, na mauzo ya mafuta huja taratibu katika miezi inayofuata. Mchanganuo wangu ulionyesha faida ya mwaka mzima, lakini haukuonyesha kwamba katika mwezi wa kulipa nisingekuwa na shilingi mkononi.

Kwa hiyo nakala ya benki ianze na kiasi unachoomba, matumizi yake na ratiba ya marejesho inayofuata msimu, ikiwa na ombi la wazi la muda wa neema, yaani kipindi cha kutolipa rejesho, hadi mauzo yatakapoanza. Baada yake liwe jedwali la mtiririko wa fedha la mwezi kwa mwezi. Kisha onyesha hali mbaya kabla hujaulizwa: bei ya mafuta ikishuka kwa asilimia 10, mapato yanapungua kwa Sh 2,736,000, na kinachobaki ni Sh 3,824,000 kabla ya riba. Kama kiasi hicho hakitoshi kulipa riba na kukuachia chochote, omba mkopo mdogo zaidi. Dhamana, leseni ya biashara, namba ya mlipakodi (TIN), cheti cha usajili wa biashara cha BRELA na nyaraka za Shirika la Viwango (TBS), ambalo tangu 2019 ndilo linalosajili majengo ya chakula, viwe viambatisho. Historia ya alizeti iache nyumbani.

Hatua ya nne: nakala ya halmashauri

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa kuwa msomaji wako hapa anakitazama kikundi kabla ya mashine, ukurasa wa kwanza ueleze wanachama ni akina nani, wamekuwa pamoja kwa muda gani, wameweka akiba kiasi gani, na nani atafanya kazi gani kiwandani. Katiba na mihtasari ya vikao ni ushahidi wenye nguvu kuliko maelezo marefu ya soko. Mpitishie nakala hiyo afisa maendeleo ya jamii wa kata kabla ya kuiwasilisha.

Hatua ya tano: nakala ya mbia

Mbia anataka kujua mtaji utazunguka mara ngapi kwa mwaka, faida itagawanywa lini na kwa kipimo gani, na atatokaje akitaka kuondoka. Taja pia mshahara wako, kwani ugomvi mwingi wa ubia huanzia hapo.

Hatua ya sita: linganisha tarakimu

Weka nakala zote tatu mezani pamoja na andiko mama. Mpangilio na uzito wa maelezo vitatofautiana, lakini tarakimu zisipishane hata moja. Andika tarehe juu ya kila nakala.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, kumpa kila mtu nakala yake si aina ya udanganyifu?

Jibu: Ingekuwa udanganyifu kama benki ingesoma faida moja na mbia akasoma nyingine. Kumtangulizia mtu jambo linalomhusu si kumficha mengine, na akiomba andiko mama, mwonyeshe. Kumbuka pia kwamba benki inaweza kulinganisha hesabu zako na zile ulizowasilisha Mamlaka ya Mapato (TRA).

Swali: Mimi sitaki mkopo wa riba. Nakala ya benki inabadilikaje?

Jibu: Katika utaratibu wa murabaha, unaotumiwa na benki za Kiislamu, benki hununua mali na kukuuzia kwa bei yenye faida inayojulikana tangu mwanzo. Kwa hiyo badala ya kuomba fedha taslimu, eleza mali yenyewe: ni mbegu au mashine gani, inauzwa na nani, kwa bei gani, ukiambatisha ankara kifani, yaani hati ya bei anayokupa muuzaji kabla ya kununua. Ratiba ya malipo ifuate msimu vilevile.

Swali: Mbia wangu ni baba mdogo, mfugaji asiyejua kusoma, na ana milioni tano. Nimwandikie nini?

Jibu: Mwandikie ukurasa mmoja, umsomee mbele ya shahidi anayemwamini, kisha nyote wawili mtie saini au dole gumba. Lakini kabla ya hapo mpeleke kiwandani siku ya kukamua, pimeni pamoja gunia moja la mbegu, na mbele yake upime mafuta na mashudu yaliyotoka. Mashudu atayaelewa bila kuelezwa, kwa kuwa huenda anayanunua kwa ajili ya ng'ombe wake.