Jinsi ya Kuchagua Mwenyewe Siku ya Kusasisha Kompyuta na Simu

Jumamosi moja nilinunua kifurushi cha gigabaiti 5 ambacho nilikipigia hesabu kinitoshe wiki nzima ya kutuma mitihani niliyokuwa nikiichapa. Niliwasha hotspoti ya simu, nikaunganisha kompyuta mpakato, nikatuma barua pepe moja yenye viambatisho viwili, kisha nikaenda jikoni kuinjika maharage. Maharage hayajaiva, simu ikaleta ujumbe kwamba kifurushi kimekwisha. Hapakuwa na mwizi wala virusi. Kompyuta ilikuwa inajipakulia toleo jipya la mfumo wake, na mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kuiambia kwamba mtandao ule unalipiwa kwa kipimo.

Tangu siku hiyo nimerekebisha kompyuta nyingi za majirani na za walimu, na kisa huwa ni kilekile. Kompyuta inapounganishwa na hotspoti, inachokiona ni Wi-Fi tu, na kwa waliotengeneza mfumo wake Wi-Fi ni intaneti ya nyumbani inayolipiwa mara moja kwa mwezi bila kikomo. Sisi tunaonunua intaneti kwa siku au kwa wiki hatukuhesabiwa, mpaka tujitaje wenyewe. Mwaka 2016, Microsoft ilipokuwa ikiwahimiza watu kuhamia Windows 10, wafanyakazi wa mradi wa Chinko unaolinda wanyamapori katika Jamhuri ya Afrika ya Kati walikuta kompyuta yao, iliyokuwa porini ikitegemea intaneti ya setilaiti, imeanza kupakua toleo hilo lenye gigabaiti kadhaa bila kuombwa. Mwaka huohuo mwanamke mmoja mwenye ofisi ya wakala wa safari huko California, ambaye kompyuta yake ya kazi iliharibika baada ya kuhamishwa hivyo, alishinda kesi na Microsoft ikamlipa dola 10,000. Kwa hiyo anayelalamika kwamba kompyuta yake inajiamulia mambo halalamiki bure.

Hata hivyo simshauri mtu yeyote kuzima masasisho kabisa, kama wafanyavyo baadhi ya mafundi wanapoombwa msaada. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu moja katika Windows. Tarehe 12 Mei, miezi miwili kasoro siku mbili baadaye, virusi vya WannaCry vilipita katika tundu hilohilo, vikafunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 150 na kudai fidia, na huko Uingereza hospitali zikalazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Aliyekuwa amekwisha kuweka kiraka hakuingiliwa kupitia tundu lile. Kinachowezekana, na ndicho ninachokitetea hapa, ni kukubali kiraka lakini ukachagua mwenyewe siku na saa ya kukipokea.

Kompyuta nyingi zinazouzwa kwetu zina menyu za Kiingereza, kwa hiyo nitataja majina ya vitufe kama yanavyoonekana kwenye skrini.

Kwanza, iambie kompyuta kwamba unalipia kwa kipimo

Hatua hii peke yake huondoa sehemu kubwa ya kero, na mtu asiye na muda wa kusoma zaidi anaweza kuifanya hii na kuendelea na shughuli zake. Katika Windows 11 unganisha hotspoti yako, fungua "Settings", ingia "Network & internet", kisha "Wi-Fi", bonyeza sehemu yenye jina la mtandao uliounganishwa, halafu washa palipoandikwa "Metered connection". Katika Windows 10 njia ni hiyohiyo, isipokuwa maneno ya mwisho ni "Set as metered connection". Kuanzia hapo kompyuta itakutajia kwamba lipo sasisho, lakini kwa kawaida itasubiri ubonyeze mwenyewe kitufe cha kupakua. Microsoft imejiachia nafasi ya kupitisha masasisho machache ya lazima hata katika hali hiyo, ila hayafanani kwa ukubwa na yale yanayomaliza kifurushi.

Yapo mambo mawili ambayo watu huyasahau, kisha wakadhani hatua hii haifanyi kazi. La kwanza ni kwamba agizo hilo hushika mtandao mmoja tu kwa jina lake. Ukibadilisha jina la hotspoti, ukanunua simu nyingine, au ukaazima intaneti ya mwenzako, kompyuta huuona mtandao mpya na kurudia mazoea yake ya zamani, na safari hii kifurushi kitakachokwisha ni cha huyo aliyekuazima. La pili ni kwamba ukiunganisha simu kwa waya wa USB badala ya hotspoti, kompyuta huuchukulia kuwa ni mtandao wa waya, kwa hiyo agizo lilelile inabidi uliwashe pia chini ya "Ethernet".

Ukiwa bado upo katika "Network & internet", fungua "Data usage", ambayo katika Windows 11 hupatikana chini ya "Advanced network settings". Hapo utaona kila programu imekula kiasi gani, na unaweza kuweka kikomo cha matumizi. Nimeona watu wakiulaumu mfumo wa kompyuta kwa miezi, kumbe kilichokuwa kikimaliza kifurushi ni huduma ya kuhifadhi picha mtandaoni.

Kuchagua saa ya kuzima na kuwasha

Baada ya kifurushi, kero ya pili ni kompyuta kujizima na kujiwasha katikati ya kazi. Dawa yake iko ndani ya "Windows Update", sehemu ya "Advanced options", palipoandikwa "Active hours". Hizo ni saa ambazo kompyuta haitajiwasha upya yenyewe kwa sababu ya sasisho, na unaruhusiwa kuweka hadi saa 18 kwa siku. Tumia nafasi hiyo yote. Angalia tu kwamba saa za kompyuta si saa zetu za Kiswahili: saa kumi na mbili asubuhi huandikwa 06:00 au 6 AM, na saa sita usiku huandikwa 00:00 au 12 AM. Mwalimu mmoja niliyemsaidia alikuwa ameandika saa 2 hadi saa 10 akikusudia muda wa kazi, kumbe alikuwa ameilinda kompyuta tangu saa nane za usiku, naye akiwa amelala, mpaka saa nne asubuhi, na saa zote za mchana zilizobaki akaziacha wazi.

Kwetu umeme nao ni sehemu ya hesabu hii. Sasisho likiwa limefika kwenye hatua ile ya kioo chenye asilimia zinazopanda na onyo la kutozima kompyuta, kukatika kwa umeme kunaweza kuharibu mfumo kiasi kwamba kompyuta isiwake tena. Kwa kompyuta mpakato, usiruhusu hatua hiyo ianze kabla betri haijajaa, hata kama umechomeka chaji. Kwa kompyuta ya mezani isiyo na UPS (kile kifaa chenye betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika), fanya kazi hiyo katika saa ambazo mtaani kwenu umeme huwa hausumbui, na kama siku hiyo umeshakatika na kurudi mara mbili, ahirisha. Ukilazimika kuondoka na menyu ya kuzima inakupa "Update and shut down" pamoja na "Shut down", chagua ya pili, au ulaze kompyuta kwa "Sleep" mpaka ufike nyumbani.

Siku moja kwa mwezi

Microsoft hutoa viraka vyake vya usalama kila Jumanne ya pili ya mwezi, utaratibu ulioanza mwaka 2003. Kwa saa za Afrika Mashariki hutoka saa mbili au saa tatu usiku, kutegemea majira ya Marekani. Kwa kuwa ratiba inajulikana, mimi sipakui usiku uleule, bali nasubiri hadi Jumamosi ya wiki inayofuata, ambayo daima huangukia kati ya tarehe 19 na 25.

Siku hizo kumi na moja nazisubiri kwa makusudi. Tarehe 2 Oktoba 2018 Microsoft ilitoa toleo kubwa la Windows 10, na siku chache baadaye ikalisimamisha kwa sababu lilikuwa likifuta nyaraka na picha za baadhi ya watumiaji, kisha likarudishwa likiwa limerekebishwa mwezi Novemba. Waliosubiri hawakupoteza kitu. Kusubiri miezi miwili ni hatari, kama WannaCry ilivyoonyesha, lakini kusubiri wiki moja na nusu kwa kompyuta ya nyumbani au ya ofisi ndogo naona ni busara, isipokuwa itangazwe kwamba tundu fulani tayari linatumiwa na wahalifu, na hapo usingoje.

Kusubiri kwenyewe ni rahisi. Ndani ya "Windows Update" kuna "Pause updates", ambako unaweza kusimamisha masasisho hadi wiki tano. Muda huo ukiisha, utatakiwa kuweka yaliyolimbikizana kabla ya kuruhusiwa kusimamisha tena. Katika Windows 11 hakikisha pia kwamba swichi ya kupata masasisho mapya mapema kuliko wengine imezimwa, na yale yanayoitwa "Preview", ambayo hutoka mwishoni mwa mwezi, usiyaguse, kwa kuwa ni ya majaribio na si ya lazima.

Siku yenyewe ikifika, nakili nyaraka zako muhimu kwenye flashi kwanza. Kisha nenda mahali penye intaneti isiyopimwa, au nunua kifurushi cha usiku kama mtandao wako unavyo, kwa sababu sasisho la mwezi huweza kufika mamia ya megabaiti, na toleo jipya zima la mfumo ni gigabaiti kadhaa. Shule au ofisi yenye kompyuta kumi haina haja ya kupakua kitu kilekile mara kumi. Fungua "Delivery Optimization" katika kila kompyuta, ruhusu kupokea kutoka kwa kompyuta nyingine, na uchague zile zilizo kwenye mtandao wenu wa ndani tu. Tangulia kusasisha moja, nyingine zitachukua sehemu kubwa kutoka kwake. Usichague kile kipengele kinachohusisha kompyuta za intaneti nzima, kwa maana hapo kifurushi chako kitatumika kuwagawia watu usiowajua.

Wenye Windows 10 wana hesabu nyingine. Msaada wa kawaida wa mfumo huo ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za mitumba zilizoko mikononi mwetu haziwezi kupokea Windows 11 kwa sababu hazitimizi masharti yake, hasa umri wa prosesa na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kwa watumiaji wa nyumbani Microsoft iliweka mpango wa viraka vya ziada hadi tarehe 13 Oktoba 2026, ambao mtu hujiunga nao kupitia ukurasa huohuo wa "Windows Update". Kama kompyuta yako inaonyesha nafasi hiyo, ichukue, na usikubali fundi akulazimishie Windows 11 kwa njia za mkato katika kompyuta unayoitegemea kwa riziki.

Simu

Kwenye Android fungua Play Store, gusa picha yako juu upande wa kulia, ingia kwenye mipangilio, kisha mapendeleo ya mtandao, na uchague programu zisijisasishe zenyewe. Kuchagua "kwa Wi-Fi pekee" hakutoshi kwa mtu anayetumia hotspoti ya mwenzake, kwa sababu ileile niliyoieleza kuhusu kompyuta. Ukishazima, jizoeze kusasisha kwa mkono mara moja kila wiki mbili, ukianza na programu za benki na za pesa za simu, kisha WhatsApp na kivinjari. Michezo na mengineyo yanaweza kungoja.

Mfumo wenyewe wa simu unahitaji uangalifu zaidi, maana ukishapanda toleo ni vigumu sana kurudi. Mwaka 2018 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza Apple faini ya yuro milioni 10 na Samsung yuro milioni 5, kwa masasisho yaliyodhoofisha utendaji wa simu za zamani. Viraka vidogo vya usalama vikubali. Lakini ukipewa toleo jipya kabisa na simu yako ina miaka mitatu au zaidi, mtafute kwanza mwenye simu ya aina hiyohiyo aliyekwisha kupanda, umuulize kuhusu kasi, chaji na nafasi iliyobaki.

Sasisho likiharibu kitu

Kama printa imegoma au programu ya hesabu haifunguki baada ya sasisho la mwezi, rudi kwenye "Windows Update", fungua "Update history", shuka hadi "Uninstall updates", uondoe lililowekwa tarehe hiyo, kisha usimamishe masasisho kwa wiki mbili. Kama ni toleo zima lililobadilika, katika Windows 11 ingia "System", kisha "Recovery", na utakuta "Go back". Kitufe hicho hudumu siku 10 tu, halafu mafaili ya toleo la zamani hufutwa. Kwa hiyo siku ileile ya kusasisha chapisha ukurasa mmoja, fungua kila programu unayoitumia kazini, na uunganishe hotspoti yako upya kuona kama lile agizo la "Metered connection" bado limewashwa.