Mashine feki ya kunyoa: nilivyomfuata muuzaji hadi akarudisha pesa

Mimi ni kinyozi Kondele, Kisumu, na mashine ndiyo jembe langu. Mwezi wa Aprili niliona moja Facebook, jina la Marekani ambalo kila kinyozi analijua, kwa shilingi 4,500. Bei hiyo ilikuwa nusu ya ya madukani. Ilinipasa kushtuka, sikushtuka. Ikaja kwa basi kutoka Nairobi, na kufikia kichwa cha tatu ilikuwa moto hadi mteja akaniuliza kama namnyoa au nampiga pasi.

Mkono uliniwasha kuifungua nione ndani. Ukijikuta hapo, weka bisibisi chini. Ukishagusa skrubu, muuzaji atasema ni wewe uliyeiharibu. Mimi niliirudisha kwenye boksi nikaanza kupiga picha: waya mwembamba kama wa redio, neno “Profesional” lililokosa s moja, na risiti ya basi. Bidhaa za hapa nchini zenye alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, huwa na nambari: andika SM# na nambari hiyo, tuma kwa 20023, utajibiwa ni ya nani. Za kutoka nje zinatakiwa ziwe na stika ya ISM. Yangu haikuwa na stika yoyote.

Halafu, kabla hujamwambia muuzaji hata neno moja, piga picha za tangazo, bei, na mazungumzo yote ya WhatsApp. Mimi nililalamika saa nne. Saa nne na dakika kumi tangazo halikuwepo, naye muuzaji amenifungia WhatsApp. Kilichoniokoa ni ujumbe wa M-Pesa. Jina la ukurasa mtu hujibandika tu, lakini laini ya M-Pesa imesajiliwa kwa kitambulisho.

Watu watakwambia utume ujumbe huo kwa 456 pesa zirudi. Njia hiyo ni ya aliyekosea nambari. Wewe ulilipa kwa hiari, na mwenye kupokea akikataa, huna lako.

Nilichofanya ni kuandika barua ya madai, ukurasa mmoja, nikamtumia muuzaji kutoka laini ya shemeji yangu, maana yangu alishaifungia. Nilitaja tarehe, kiasi, jina lake kama lilivyo kwenye M-Pesa, na hitilafu. Nikaongeza kwamba Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inamtaka muuzaji atoe bidhaa yenye ubora unaokubalika, na kwamba kifungu cha 46 cha Katiba kinanipa haki ya fidia. Nikampa siku saba, la sivyo tukutane Mahakama ya Madai Madogo. Si maneno ya kutisha tu: mahakama hiyo husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, huhitaji wakili, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Ipo hapa Kisumu, na Nakuru pia.

Mamlaka ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi nayo ina ofisi mjini hapa. Nenda ukaripoti, lakini jua kazi yao ni kunasa mali na kushtaki, si kukudaia pesa zako. Na usichanganye mambo hayo mawili kwenye barua. “Nilipe au nikuripoti” ni sentensi inayoweza kukugeukia, ukaonekana wewe ndiye mtishaji. Dai pesa kama pesa. Ripoti ipeleke kivyake, uwe umelipwa au hujalipwa.

Siku ya tano zikaingia 4,000. Akaandika kwamba 500 amekata nauli ya basi. Nauli niliilipa mimi mwenyewe stendi, asubuhi nilipoichukua mashine. Nikamtumia picha ya risiti bila kuongeza neno, na 500 ikaingia kabla sijafunga duka.