Mishale ya dashibodi inacheza kwenye dizeli ya zamani? Anza na athi

Mshale wa mafuta ukipanda kila unapowasha taa, au geji ya joto ikiruka ukikanyaga breki, usikimbilie kununua geji nyingine. Geji zenyewe hazifi ovyo. Kwenye dizeli za zamani, zile ambazo dashibodi yake haina kompyuta, ugonjwa mara nyingi uko kwenye athi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia chuma cha gari), kwenye umeme unaoingia dashibodi, au kwenye sensa. Kagua kwa mpangilio huo huo. Ukianzia kwenye sensa utabadilisha vipuri vizima na mishale itaendelea kucheza.

Andaa multimita, taa ya kupimia yenye balbu ndogo ya volti 12, brashi ya waya, msasa laini, spana, bisibisi na dawa ya kusafishia kontakti.

Hatua ya 1: Tazama kabla ya kufungua kitu

Jiulize mambo mawili: ni mishale mingapi inayokosea, na inakosea saa ngapi? Washa swichi, injini ikiwa imezimwa. Washa taa kubwa, kisha feni, kisha waipa, mwisho indiketa. Mshale ukidunda pamoja na indiketa, umeme wa indiketa umekosa njia ya kurudia na sasa unapitia kwenye geji. Hiyo ni athi ya dashibodi, na karibu umemaliza uchunguzi bila kushika spana.

Dizeli ina kipimo kingine ambacho gari la petroli halina: hita plagi, zile zinazopasha joto injini kabla ya kuwaka. Plagi nne zikiwa baridi huvuta makumi ya ampea kwa pamoja. Weka swichi kwenye kupasha joto, usiwashe injini, sikiliza rilei (swichi ya umeme ya hizo plagi) inapokata. Mishale ikiruka wakati huohuo, kuna mahali umeme unapotea njiani, au betri imechoka.

Geji ya mafuta na ya joto zikikosea pamoja na kwa upande mmoja, zote juu au zote chini, shuku kidhibiti volti cha dashibodi au athi yake. Ikikosea moja tu, tatizo ni sensa yake au waya wake. Ikicheza geji ya mizunguko ya injini peke yake, ruka moja kwa moja hadi hatua ya 6. Na usihangaike kama mshale unachukua sekunde kadhaa kupanda baada ya kuwasha swichi. Geji nyingi za zamani hufanya kazi kwa joto la kipande cha bimetali (metali mbili zilizobandikwa pamoja, hujipinda zikipata moto), na polepole ndiyo tabia yake.

Hatua ya 2: Athi, na hapa usiwe na haraka

Injini ya dizeli inatikisika sana na starta yake inavuta umeme mwingi. Waya mnene wa athi unaotoka kwenye injini kwenda kwenye bodi ya gari hukatika uzi mmoja mmoja, mara nyingi ndani kabisa ya kichwa chake ambako jicho halifiki. Sensa nyingi za zamani zina waya mmoja tu. Umeme wake unarudi kupitia chuma cha injini. Athi ya injini ikilegea, sensa inasema uongo bila kosa lake.

Usipime athi kwa omu, yaani kipimo cha upinzani. Multimita inatuma umeme mdogo mno, hata uzi mmoja uliobaki utakuonyesha sifuri, nawe utaridhika. Pima volti zinazopotea wakati mzigo upo.

Weka multimita kwenye volti za DC. Ncha moja iguse nguzo hasi ya betri, nguzo yenyewe, si kibano chake. Ncha nyingine iguse chuma kitupu cha injini. Mwambie mwenzako apige starta. Ukisoma zaidi ya volti 0.5, waya wa athi wa injini ni wa kufanyiwa kazi. Kisha injini ikiwa inanguruma, taa na feni zikiwa zimewashwa, pima kutoka nguzo hasi hadi kwenye bodi, halafu hadi kwenye waya wa athi unaoingia nyuma ya dashibodi. Hapo nataka chini ya 0.1. Ikifika 0.3 nimeshampata mchawi.

Kutengeneza ni kazi ya mikono tu. Chomoa hasi ya betri. Fungua bolti, sugua kichwa cha waya na mahali kinapokaa mpaka chuma king'ae pande zote mbili, kaza sawasawa, ndipo upake grisi juu kuzuia kutu. Rangi ya bodi isibaki chini ya kichwa cha waya hata kidogo. Mimi huongeza waya mwingine mnene kutoka kwenye injini hadi kwenye bodi hata kama ule wa zamani umepona; haudhuru chochote.

Hatua ya 3: Chaji

Injini ikizunguka, betri isome kati ya volti 13.8 na 14.4 hivi. Ikipita 15, au ikipanda na kushuka kila ukikanyaga mafuta, shughulikia alteneta kwanza. Hakuna geji itakayotulia juu ya umeme wa namna hiyo.

Hatua ya 4: Nyuma ya dashibodi

Kabla ya kuvuta dashibodi nje, fungua kebo ya spidomita. Kuivuta kwa nguvu ndiko kunakovunja vishikio vya plastiki.

Nyuma utaona karatasi ya plastiki yenye njia nyembamba za shaba. Safisha sehemu za soketi kwa dawa ya kontakti. Shaba iliyofifia isugue taratibu kwa raba ya kufutia penseli, maana msasa utaila. Kaza nati ndogo za geji kwa vidole kisha robo mzunguko tu. Njia ya shaba iliyopasuka iunganishe kwa kuchomelea kipande cha waya mwembamba kwa risasi.

Sasa tafuta kidhibiti volti. Magari mengi ya zamani hayapeleki volti 12 moja kwa moja kwenye geji ya mafuta na ya joto, huzishusha kwanza, mara nyingi hadi 10, ili mishale isifuate mabadiliko ya chaji. Kidhibiti kikikwama, au kikikosa athi, umeme wote unapita na mishale yote miwili inapanda kupita kiasi. Cha bimetali huwasha na kuzima umeme mfululizo, kwa hiyo multimita ya tarakimu itaonyesha namba zinazorukaruka. Usikihukumu kwa hilo. Tumia taa ya kupimia: ikimetameta, kinafanya kazi. Ikiwaka bila kukatika, kimekwama.

Badala yake unaweza kuweka cha elektroniki cha miguu mitatu. Kwa gari linalotumia volti 10, ni 7810: ukikitazama maandishi yakiwa mbele yako, mguu wa kushoto ni wa kuingiza, wa kati ni athi, wa kulia ni wa kutoa. Hakikisha kwanza gari lako ni la volti 10. Mengine hutumia chini ya hapo.

Hatua ya 5: Sensa moja moja

Chomoa waya wa sensa, uguse kwenye athi kupitia balbu ndogo. Mshale ukienda kwa nguvu upande mmoja, geji na waya ni vizima, sensa ndiyo mbovu. Usiguse athi moja kwa moja kwa muda mrefu, geji ya bimetali inaweza kuungua.

Sensa ya joto hupunguza upinzani kadiri injini inavyopata moto. Ukiizungushia utepe wa mabomba kuzuia uvujaji, umeikatia athi, na mshale utabaki chini. Linganisha na kipimajoto cha miale kwenye nyumba ya themostati. Injini iliyopata moto huwa kati ya nyuzi 80 na 95 hivi. Mpaka uwe umethibitisha hivyo, mshale ukipanda kwenye nyekundu zima injini. Usiseme "ni ile geji yetu".

Sensa ya mafuta ikidondosha mshale kila tanki likifika usawa uleule, njia yake ya ndani imelika mahali hapo. Chomoa betri, toa sensa kwenye tanki, sogeza boya lake polepole huku ukipima omu. Namba ziende bila kukatika. Kwenye Mercedes W123 sensa ni bomba lililosimama ndani ya tanki, na uchafu wa dizeli hulikwamisha boya. Ukiitikisa na usisikie boya likiteleza, inahitaji kusafishwa tu.

Hatua ya 6: Mizunguko ya injini, spidi na oili

Dizeli haina koili ya kuwasha cheche, kwa hiyo geji ya mizunguko mara nyingi huchukua ishara kwenye alteneta, kwenye nguzo iliyoandikwa W. Mshale ukishuka ghafla ukiongeza mwendo, kagua mkanda kama unateleza, kisha kichwa cha waya wa W. Ukibadilisha alteneta na mpya ikawa na puli ya ukubwa tofauti, geji itasoma uongo wa kudumu. Rudisha puli ya zamani kama inaingia.

Spidomita inayotetemeka kwenye mwendo mdogo ni kebo kavu au iliyokunjwa, haihusiani na umeme. Na kama geji ya oili inaletewa oili yenyewe kwa kibomba chembamba, wayaringi usiiguse. Kagua kama kibomba kimeziba au kinavuja.

Kabla ya kufunga skrubu hata moja, rudisha soketi, washa injini, washa kila kitu kwa pamoja, tikisa waya za nyuma kwa mkono ukiwa unatazama mishale. Ikitulia, rudisha kebo ya spidomita, ndipo ufunge.